Nge Aliyesambaratika Kiembe Samaki

Uvumi ule Bi Hamda aliuokota sokoni Mwanakwerekwe akichagua ndimu, ukamganda kama utomvu wa fenesi: ati arusi ya bintiye Yusra imeangukia Akarabu! Yaani mwezi umo ndani ya nyota za Nge, na wazee wanasema siku hizo huozeshi, husafiri, hata sufuria ya pilau huteleki.

Angenyamaza, yangekwisha. Wapi! Alimuuliza muuza ndimu kama kasikia, akamuuliza mwenye nazi, akafika kwake Mkunazini akawauliza majirani nyumba kwa nyumba. "Nyie, ati mmesikia?" Alasiri simu ikalia. Bi Thuwaiba, mama wa bwana arusi.

"Hamda, naambiwa unasema arusi imo kwenye Akarabu. Basi tuisogeze."

Kuisogeza! Anuar, bwana arusi mwenyewe, alikuwa na ruhusa ya wiki mbili tu kutoka kazini kwake Maskati. Ikipita hii, mpaka mwakani.

"Mama, umetumaliza," alisema Yusra, akaikwapua kompyuta yake. "Vaa buibui, twende Kiembe Samaki kwa Bi Thuwaiba."

Yusra hufundisha kompyuta, na kwa miezi miwili alikuwa akiandika programu ya nyota. Kila nyota anaiandikia upande ilipo na umbali wake, na programu inaitundika mahali pake; si bapa kama karatasini, bali hewani kama taa za arusi, unazizungusha ukaziona ubavuni na nyuma.

"Shikamoo, Bi," Yusra alimwamkia Bi Thuwaiba walipofika.

"Marahaba. Sogeeni kwenye halua."

Yusra akafungua kompyuta. Nge huyo! Magando, moyo mwekundu, mkia umepinda. Bi Thuwaiba akarudi nyuma na kiti chake.

"Audhubillahi! Mwenyewe huyo!"

"Mzungushe, Bi. Kwa kidole tu."

Akazungusha. Mkia ukachomoka, magando yakaachana, moyo ukakimbilia nyuma huko.

"Ala! Kaenda wapi?"

"Hayupo, Bi. Hii ya mgongoni ni jirani yetu, mwanga wake hutufikia kwa miaka sitini na kitu. Ile nyekundu, zaidi ya miaka mia tano. Hata hazijuani! Ni sisi tunaoziona zimejipanga, kwa kuwa tunazitazama kutoka hapa."

"Na mwezi?"

"Mwanga wa mwezi hutufikia kwa sekunde moja na kitu. Mwezi uko mlangoni kwetu, hauingii ndani ya nge yeyote."

Bi Hamda kicheko kikamtoka puani. "Lo! Siku nzima nnamkimbia mdudu asiye na kiwiliwili!"

Bi Thuwaiba hakucheka. Aliendelea kuizungusha mbingu, kulia, kushoto, chini juu, ulimi nje kama mtoto anayetunga uzi sindanoni. Ghafla akapiga ukelele.

"Hapo hapo! Hicho si kiatu cha bi arusi? Kisigino kile!"

Yusra akafungua kinywa aeleze kwamba na kiatu nacho hakipo. Mama yake akamfinya paja.

"Kiatu, Bi," alisema Bi Hamda. "Na mkanda wake."

"Basi siku ni njema, haisogezwi!" Akapiga kigelegele, Bi Hamda akakipokea, na Yusra akaficha uso kwenye mto wa kiti, akacheka mpaka machozi.

Basi mwenye binti wa kuozesha, jiepushe na haya:

Kuuliza watu kama wamesikia. Kuuliza nako ni kutangaza.

Kuijadili siku ya arusi na wauza ndimu.

Kuahirisha kabla hujamuuliza bi arusi mwenyewe.

Kumsahihisha mama mkwe akishakubali.