Mapasa wa Nge

Lydie Mwenya alikuwa na mwezi mmoja tu wa kuthibitisha kwamba nyota fulani ya kundi la Nge si moja bali ni mbili. Akishindwa, mémoire yake, tasnifu ya kumalizia masomo ya fizikia pale chuo kikuu cha Kasapa, ingekataliwa.

Vitabu vilishasema ni mbili. Profesa Kasonde hakutaka habari za vitabuni. "Mama Lydie, mimi naona moja," alimwambia mbele ya wenzake. "Kama iko mapasa, uniletee bote. Nitatoa bintu mbili, sawa vile desturi inasema." Darasa zima likacheka, maana Katanga kila mtu anajua: anayekwenda kuwaona mapasa, yaani mapacha, hatoi zawadi moja, hutoa mbili.

Kila mara nyota moja ilipoifunika nyingine na mwanga kufifia, Lydie alielekeza darubini. Spektroskopu aliyoiunda kwa mikono yake ilichambua mwanga ukawa utepe wa rangi, na ndani yake mstari mweusi wa hidrojeni. Mmoja. Daima mmoja. Alikuwa amelelewa hivyo: mapasa hupokewa wakiwa pamoja, kwa hiyo aliwasubiri wakutane.

Jumapili, katika lupango, ua wa nyumba ya dada yake Claudine, wanawe Kyungu na Kabange, mapasa wa miaka minne, walikuwa wakikimbizana kulizunguka pipa la maji. Walipopangana mbele ya Lydie, mmoja akimficha mwenzake, walikatiza tu, huyu kushoto, yule kulia. Walipofika pembeni, mmoja alikuwa akimjia, mwingine akimkimbia.

Lydie akasimama. Hata kwa nyota, mwanga wa anayekuja husogea, pamoja na mstari wake, upande wa buluu, wa anayekwenda upande wa nyekundu. Yeye alikuwa akiwavizia saa ambayo hakuna anayekuja wala anayekwenda!

Safari hii alichagua jioni iliyo katikati ya kupatwa kuwili, nyota zisipofunikana. Moshi wa mioto ya kiangazi ulikuwa umetulia. Mstari ulikuwa umepasuka, miwili, imeachana wazi kama ndugu waliogombana.

Siku ya kuitetea kazi, Kasonde aliitazama picha ya utepe ukutani, akaihesabu mistari: miwili. Kisha akachomoa kalamu yake mfukoni, akaiweka mbele ya Lydie.

Lydie hakuigusa.

"Profesa," alisema, "moja ni matusi."

Kasonde akamgeukia mwalimu aliyeketi kando yake, akamwomba kalamu yake, akailaza kando ya ile ya kwanza. Ndipo Lydie alipozichukua zote mbili kwa pamoja, moja kila mkono, kichwa juu.