Pasi Zikisimama

Katika chumba cha pasi cha hospitali ile, kiti kilikuwa kimoja tu, na hakikuwa cha aliyechoka. Kilikuwa cha msomaji. Wengine walisimama mezani wakinyoosha mashuka na foronya, na rundo la msomaji wakaligawana wao, ili mikono yake ibaki na kitabu. Kwa kuwa walimfanyia kazi, nao walikuwa na haki yao. Kitabu kikiisha, msomaji hutoa maoni yake mbele ya wote. Wakiridhika, husimamisha pasi zao wima. Pasi nyingi zikibaki zimelala, kiti kinahama.

Mjane waliyemwita Mama Kurasa alikikalia tangu mwaka aliofiwa na mumewe. Shule yake iliishia ya msingi, na kabla ya kufungua kitabu humwomba Mungu kimoyomoyo ampe macho ya haki, maana aliyeandika hayupo chumbani kujitetea. Kiti hicho ndicho kilichomtoa kwenye msiba. Kikihama, kurudi mezani angeweza, mikono ilikuwa bado na nguvu. Alichoogopa ni ule ukimya wa kupiga pasi huku ukiwaza.

Riwaya aliyowasomea mwisho ilikuwa ya mjane aliyekufa kwa majonzi kesho yake baada ya mazishi. Mama Kurasa alisema mwandishi alimchoka tu yule mama akatafuta pa kumtupa. "Mjane hafi kesho yake," alisema. "Kesho yake kuna vyombo vya wageni vya kuosha." Pasi zilisimama zote, ila moja.

Hiyo moja ilikuwa ya wifi yake, dada wa marehemu, wa meza ya dirishani. Hawakuchukiana, lakini hawakupishana bila neno. Wifi alisema hukumu za makaburi na vyombo ni rahisi kwa aliyeyapitia mwenyewe, akatoa mkobani kitabu cha safari alichopewa na jirani.

"Mtembea bure si mkaa bure, wifi yangu. Wewe umetembea wapi? Nyumbani, kazini, kwenye ibada. Hiki utakihukumu kwa miguu ya nani?"

Walicheka, na Mama Kurasa akacheka nao, ingawa neno lilimchoma. Ikakubaliwa papo hapo: akishindwa na hiki, kiti ni cha wifi.

Basi akasoma. Msafiri wa kitabu kile alivuka milima na madaraja, akalalamikia vitanda, akaukuta kila mji mchafu na kuuacha mchafu vilevile. Hakumtaja mtu hata mmoja kwa jina, isipokuwa punda. Mpiga pasi mmoja aliuliza kama bwana huyu alizaliwa au aliokotwa. Mama Kurasa hakuhitaji kuambiwa kwamba kimewachosha. Alikuwa na desturi ya kuwatazama mikono kwa pembe ya jicho: kitabu kikiwashika, pasi huenda polepole, kisipowashika, zinakimbia. Siku zile zilikimbia kama zinafukuzwa.

Angeweza kuruka kurasa, na nani angejua? Lakini ameshaomba macho ya haki. Hawezi kuyafumba kwa sababu kiti kinatikisika. Akasoma yote, hata orodha ya madaraja, huku wifi akitabasamu dirishani.

Ndipo wakafika sura ya mwisho. Msafiri ameshikwa na homa katika nyumba ya wageni. Anaingia mwanamke asiyemjua, anamgeuza ubavu taratibu, anatoa shuka lililolowa jasho, anatandika jingine na kulikunja vizuri pembeni. Msafiri anajifanya amelala, maana anaona haya kuonekana akilia.

Pasi zilipunguza mwendo. Kisha zikatulia kabisa. Mama Kurasa alisikia harufu ya kitambaa kinachoungua, lakini hakuinua macho mpaka nukta ya mwisho. Alipoinua, wifi alikuwa amesimama kinywa wazi, pasi imetua juu ya foronya, moshi unapanda mbele ya uso wake naye hana habari.

"Wifi, unaunguza," alimwambia kwa upole.

Wifi aliinyakua pasi. Foronya ilibaki na alama ya kahawia, umbo lile lile la pasi. Hakuna aliyecheka bado. Walikuwa wakingoja maoni.

Mama Kurasa alifunga kitabu. "Huyu bwana amesafiri kitabu kizima bila kufika. Amefika hapa kitandani, miguu ilipomkatalia. Kurasa za mbele sizipendi, na sitamsingizia utamu asio nao. Lakini kwa ukurasa huu mmoja, nasema tumuweke kwenye rafu yetu, karibu na vitabu vile vizuri."

"Umejuaje kwamba amefika?" wifi aliuliza, sauti imepungua.

"Iulize foronya yako."

Chumba kizima kiliangua kicheko, na pasi zikaanza kusimama, meza hadi meza, vyuma vikigonga mbao. Wifi alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akaisimamisha ya kwake, ya mwisho, akaenda kwenye rundo la msomaji na kujibebea mashuka mengi kuliko fungu lake.

"Usikae kama bibi harusi," alisema. "Turudie pale anapogeuzwa ubavu."

Mama Kurasa alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akajiegemeza vizuri kitini, akasoma kwa sauti iliyofika hadi wodini.