Kidole cha Kukorogea Dawa

Fumie alipovua viatu mlangoni, kitu cha kwanza kukiona ni mkono wa wifi yake, Kazuyo. Pete ya ndoa haikuwapo. Kaka yake Teruo hajatimiza hata mwaka tangu afe, na kidole cha mjane wake kimebaki na alama nyeupe tu.

Aliwasha ubani mbele ya picha ya marehemu, huku akimtazama Kazuyo kwa pembeni.

"Baba yuko wapi?"

"Amelala."

"Mwezi uliopita nilimkuta amelala. Leo tena. Ana nini huyu mzee, wifi?"

"Ana miaka themanini na tisa."

Fumie hakucheka. Ametoka Osaka mpaka Toyama na begi tupu la kutilia nguo za baba yake. Akithibitisha kwamba mzee analeweshwa dawa ili mtu apate nafasi ya mambo yake, anaondoka naye leo hii.

Mchana Kazuyo aliingia jikoni, akauvuta mlango. Fumie akachungulia kwenye upenyo. Alimwona ananawa mara mbili, anamimina unga kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, kisha anakoroga kwa kidole cha nne cha mkono wa kushoto, kile chenye alama nyeupe. Kijiko kilikuwa pale pale.

Akaufungua mlango. "Unamwekea nini baba yangu?"

Kazuyo akamsukumia pakiti yenye jina la mzee. "Soma. Ni ya kifua, kaandika daktari."

"Na kidole?"

"Kamuulize mwenyewe."

Chumbani, Mzee Genzaburo alikuwa ameshaketi. Alichanganya dawa kiwandani miaka arobaini, na bado alizungumza kama msimamizi.

"Kijiko kimeshagusa supu na samaki. Kidole hiki hakina kazi, hakikuni wala hakiokoti. Ndiyo maana watu wa zamani walikorogea dawa kwacho, wakakiita kusuriyubi, kidole cha dawa. Mama yako alinikorogea hivyo. Ila kisiwe na chuma. Chuma kinaharibu dawa."

"Alikataa kunywa siku nne," Kazuyo alisema. "Anakohoa mpaka alfajiri. Mimi natumia kushoto, unanijua. Nikaivua. Sasa analala, na kosa langu ndilo hilo."

"Pete iko wapi?"

"Kwa mwenyewe."

Fumie akarudi kwenye picha ya kaka yake. Pete ilikuwa nyuma ya chungu cha majivu ya ubani, wazi kabisa, shubiri moja kutoka pale alipochomeka ubani wake.

"Dawa ya jioni nitakoroga mimi," alisema aliporudi.

Mzee akamtazama vidole. "Na hicho chuma?"

Pete ya Fumie ilikuwa na miaka ishirini na sita mahali pake. Aliivuta, ikagoma kwenye kifundo. Kazuyo akamsogezea sabuni.

"Pole pole, wifi. Mumeo asije akasikia vibaya."

Begi lilibaki tupu kando ya mlango. Fumie alifungua bomba, akaanza kuizungusha pete kidogo kidogo.