Jicho la Juu

Twalibu alipewa kazi ya kushika tepu. Si kazi ya kusomea. Unashika ncha, unapanda nayo mlima, ukiambiwa simama unasimama. Kamaliza kidato cha nne mwaka juzi, tangu hapo yupo yupo tu Matombo, ndiyo maana mwenyekiti wa kijiji akamtaja yeye.

Aliyekuja kupima ni dada mmoja wa mambo ya maji kutoka mjini, Hosiana, gambuti mpaka magotini. Mita sitini kutoka mto unapoanzia, hakuna kulima. Kwisha.

Na shamba la hapo juu ni la mama yake Twalibu. Migomba, maharage, magimbi. Kalipata kwa mama yake, naye kwa mama yake, maana kwa Waluguru ardhi inafuata wanawake. Lingine hana.

"Shikamoo mama," Hosiana akamsalimia.

"Marahaba. Mto wenyewe si huo hapo chini, unatoka kwenye mawe."

Kweli, Oktoba ile maji yalikuwa yanatokea pale chini, membamba kama mkojo wa mtoto.

"Kumbe maji wanayoogea Dar yanaanzia hapa!" Hosiana akasema.

"Wakimaliza kuoga waturudishie," mama akasema.

Hosiana akacheka, akabaki chini na tepu. Twalibu akapanda. Jana yake yeye na mama walipima kwa hatua, kimya kimya: ukianzia pale chini, sitini zinaishia kwenye mfenesi. Shamba linaanza baada ya mfenesi. Linapona.

Katikati ya njia kulikuwa na mawe makavu yenye kuvu. Akapita kushoto, akaendelea kupanda.

"Dogo! Tepu imepinda! Mbona umezunguka?"

Akageuka, akayaangalia yale mawe. Hata hakuwa amewaza. Jicho la maji halirukwi, liwe na maji lisiwe na maji. Bibi yake alishawahi kumchapa kwa hilo.

"Pita hapo katikati, inyooke!"

"Hapa hapapitwi."

"Kuna nini?"

Angesema nyoka. Angesema siafu. Uongo ulikuwepo mwingi tu.

"Ni jicho," akasema. "La masika. Mvua zikianza, maji yanaanzia hapa."

Hosiana akapanda, akachuchumaa, akaingiza mkono kati ya mawe. Ukatoka na tope jeusi.

"Basi chanzo ni hapa."

Wakapima upya. Twalibu akaupita mfenesi, akayapita maharage, akaipita migomba. Tepu ikaishia kwenye magimbi, mwisho kabisa wa shamba. Akashika kopo la rangi, Hosiana akachora alama nyekundu kwenye jiwe. Twalibu akasubiri aone kama ataumia. Wapi. Aliisikia tu harufu ya rangi.

Hosiana alipoondoka, mama akaja na panga.

"Si ungeruka tu, Twalibu."

"Mama, wewe ungeruka?"

Mama akaingia kwenye migomba. Akakata mkungu wa kwanza, bado mchanga, akajitwika. Twalibu akabeba wa pili. Wakashuka, mama mbele. Walipofika kwenye yale mawe, mama akapita kushoto. Twalibu naye akapita kushoto.