Fimbo ya Besi na Sanda ya Mjomba

Kwanza niseme: fimbo niliichagua vizuri. Hilo hamninyang'anyi. Mengine yote ya siku ile niliyavuruga, basi mkitaka kunicheka nichekeni kwa hayo, lakini fimbo niliichagua kama mtu anayejua anachokitafuta.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Nilikuwa mlinzi wa bwawa katika shamba moja la mkonge upande wa Kibaha, na kwetu kwa kuzaliwa ni Vihingo, Kisarawe. Meneja wa shamba, Mzungu mmoja aliyependa kuvua kuliko kufanya kazi, alikuwa ameleta samaki wa kigeni ndani ya madebe akawatia bwawani. Aliwaita besi. Besi ana mdomo mpana kama wa mtu aliyesikia umbea, na chambo kilichotulia hakina maana kwake. Anataka kinachokimbia. Unamrushia kisamaki cha mbao chenye ndoana, unakivuta majini kama kina roho, naye anachomoka kwenye magugu na kukirukia. Sasa wewe uwe na mwanzi wa kukata porini, kama niliokuwa nao mimi. Anavunja mwanzi, anakata mshipi, anaondoka na kisamaki chako, na wewe unabaki ukingoni unatukana maji.

Miaka miwili alinifanyia hivyo. Siku moja meneja akaniazima fimbo yake ya kuvulia, ile yenye kigurudumu cha kukusanyia mshipi karibu na mpini. Nikarusha mara moja tu. Wallahi sikulala vizuri tena. Nikaanza kuweka akiba, nikaacha sigara, nikaacha hata kahawa ya jioni, na wenzangu shambani wakaniita Bwana Besi. Mjomba wangu Mwinjuma naye alinitania. Huyu ndiye aliyenilea baba alipofariki, ndiye aliyenibeba mabegani kunipeleka jandoni. "Mwinyimadi," aliniambia, "mimi nimekula samaki wa Ruvu miaka sitini kwa mtego wa fito, na tumbo halijaniuliza hata siku moja samaki huyu kavuliwa na nini." Kisha akacheka, akasema ninunue tu, roho ikitaka kitu ukainyima inakuwa chungu.

Nilipopata ruhusa ya siku tatu nikapita Vihingo kumuaga, halafu nikaenda Dar es Salaam. Mjomba alikuwa anaumwa kifua, lakini kifua kilimuuma kila masika, na nilimwacha barazani anakula muhogo. Sikuwa na wasiwasi. Nililala kwa binamu yangu, na asubuhi nikaenda Kariakoo kwenye malori kumwambia Shomari, dereva wa lori la mkaa la kwetu, aniwekee nafasi ya kurudi. Shomari alishuka garini kabla sijamsalimu.

"Pole, Mwinyimadi," alisema. "Mjomba wako kafariki alfajiri."

Nilikaa chini palepale, kwenye vumbi la mkaa. Aliniacha nilie kidogo, kisha akaniinua.

"Mama yako kanituma kwako," akasema. "Duka la Vihingo lina kaniki tupu, bafta nyeupe hakuna hata shubiri. Ununue sanda, na pamba, na ubani, na marashi, uje navyo. Wanazika baada ya sala ya alasiri. Mimi naondoka saa saba. Ukichelewa sikungoji, ndugu yangu, nina watu na mizigo, na mazishi hayangoji."

Nikaenda mbio. Bafta nilinunua ile nzito, bila kubishana bei, maana sanda haiombewi kupunguziwa. Pamba, ubani, marashi, karafuu maiti, vyote nikafunga pamoja kwenye karatasi ya kaki. Nilipotazama saa ya duka la jirani ilikuwa saa nne na nusu. Shomari alikuwa bado anashusha magunia.

Naona aibu kusema lililofuata. Lakini nimeshaanza, nitamaliza.

Duka la Mhindi muuza bunduki halikuwa mbali. Nilikuwa nimepita mbele yake mara nyingi na kusimama nje ya kioo, nikitazama fimbo zilizopangwa ndani. Fedha ilikuwa imefungwa kiunoni. Nikajiambia: mjomba mwenyewe alisema ununue. Nikajiambia: ukirudi shambani utapata lini ruhusa nyingine? Mtu akitaka kufanya ujinga hakosi wakili, wakili mwenyewe ni yeye. Nikaingia.

Nilitegemea kufukuzwa. Nilikuwa na kanzu yenye vumbi la mkaa na macho mekundu. Mhindi alinitazama, akaniuliza nimetumwa na nani. Nikasema sijatumwa na mtu, nataka fimbo ya besi na kigurudumu chake, nanunua mwenyewe. Kisha akavuta kiti.

"Karibu ukae, bwana," alisema.

Bwana. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne na hakuna mwenye duka aliyewahi kunipa kiti. Nikakaa. Furushi la sanda nikaliweka juu ya kaunta.

Akaleta ya kwanza, ndefu, ya mianzi iliyopasuliwa na kuunganishwa kwa gundi, mpini wa mti wa vizibo vya chupa, pete za kupitishia mshipi zinang'aa kama za bibi harusi. Nikaishika, nikaitikisa. Laini mno. Nikamwambia hii inafaa mto mweupe usio na kitu chini, lakini bwawa letu lina magugu na visiki, na besi akishaingia kwenye magugu huyu bibi harusi atamwinamia tu. Mhindi akatabasamu. Akaleta ya chuma. Imara, lakini nzito, ukirusha mara mia mkono unakufa ganzi. Akaleta ya tatu, fupi, ya kitu kipya alichokiita glasi. Nikaishika kwa ncha, nikaikunja, nikaiachia. Ikarudi mahali pake mara moja, bila kutetemeka. Nikajua ndiyo hii.

Wakati huo alikuwa ameingia Mzungu mmoja kununua risasi. Akasimama akinitazama, na nilipomaliza akaniuliza kwa Kiswahili chake kizuri tu kwa nini nimekataa ile ya mianzi, maana yeye anayo na inamsumbua. Mzungu, ananiuliza mimi! Basi nikamweleza. Nikamweleza kutoka mwanzo, habari ya magugu, habari ya mkono, habari ya samaki anavyogeuza shingo akinaswa. Nikasimama nikamwonyesha kwa vitendo. Mhindi akaniletea soda. Nikanywa.

Kisha vigurudumu. Kimoja kilitembea kigumu, kingine kilikuwa kizuri lakini kelele kama mashine ya kushonea. Cha tatu kilizunguka kimya kabisa. Mhindi hakutaka kikwaruze kioo cha kaunta, akakiweka juu ya lile furushi langu la kaki, juu ya sanda ya mjomba, akakizungusha pale ili nisikilize. Niliona. Neno lilinijia ulimini: hapana, toa hapo. Sikusema, kwa sababu ningesema ingebidi nieleze ni furushi la nini, na bwana aliyeketi kwenye kiti na soda mkononi angegeuka mfiwa anayezurura madukani. Nikasikiliza kigurudumu.

Saa ilikuwa ukutani mbele yangu. Sitawaambia sikuiona. Niliiona saa sita na robo, nikaiona saa saba kasoro dakika ishirini, na kila nilipoiona nilisema kimoyomoyo, dakika tano tu. Nilipolipa, Mhindi alinifungia fimbo kwenye mfuko wa turubai na kuniita bwana mara ya mwisho mlangoni. Nilikimbia. Kariakoo, mahali pa lori la Shomari palikuwa na doa la oili na muuza machungwa. Akaniambia dereva aliningoja mpaka saa saba na nusu, akaita jina langu sokoni mara tatu, abiria wakamgombeza, akaondoka.

Nilipata gari la kunifikisha Kisarawe saa tisa na nusu. Kutoka hapo nikaenda kwa miguu, nikikimbia na kutembea, furushi kwapani na fimbo begani. Mara mbili nilitaka kuitupa fimbo porini ili niende upesi. Mara mbili nikaihamishia bega la pili. Huyo ndiye mimi, mnijue.

Nilifika Vihingo jua linazama. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, udongo mpaka viwikoni, majembe mikononi. Hakuna aliyenigombeza. Walinipa mkono mmoja mmoja, pole, pole, na kila mmoja macho yake yalishuka kwenye furushi la kaki, yakapanda kwenye mfuko wa turubai, kisha yakaenda pembeni. Ni afadhali wangenipiga.

Maalim Kibwana, aliyemwosha mjomba, ndiye aliyenieleza. Lori lilifika bila mimi. Wakangoja alasiri ikapita. Joto lilikuwa kali na maiti hakuweza kukaa zaidi. Basi mama yangu, Mwanne, akaingia chumbani kwake, akafungua sanduku, akatoa sanda yake mwenyewe. Kila mtu kijijini alikuwa anaijua sanda ile. Sheikh mmoja wa Kisarawe alikuwa amemletea kutoka Makka, imechovywa maji ya Zamzam, na mama aliiweka miaka kumi na moja, kila baada ya Idi akiianika kivulini na kuikunja upya. Alikuwa akisema duniani hana kitu ila nguo ya kuondokea anayo. Maalim alikata vipande vitatu vya mwanamume. Viwili vilivyobaki, vile vinavyozidi katika sanda ya mwanamke, alimrudishia.

"Kaka yake kaondoka vizuri," Maalim akasema. "Shukuru."

Nikashindwa kushukuru.

Sasa alikuwapo Saburi. Saburi ni Mnyamwezi, alikuja ujanani kukata mkonge, akaoa Vihingo, akabaki. Nanyi mnajua Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani. Msiba ukitufika, mtani ndiye anayechimba na kuchota maji, na ndiye mwenye ruhusa ya kumwigiza marehemu na kuwachokoza wafiwa mpaka wacheke katikati ya machozi. Anaweza kusema lolote, kuchukua chochote. Unacheka, unakikomboa kwa senti chache, mambo yanaisha. Kumkasirikia mtani msibani, hilo halifanywi.

Saburi alinipokonya mfuko begani, akachomoa fimbo, akajilaza chali katikati ya ukumbi mbele ya watu wote, shuka usoni.

"Mwinyimadi, mwanangu," akasema kwa sauti ya mjomba, na alimpatia kweli, mpaka kikohozi. "Nasikia baridi. Sanda yangu iko wapi?" Kisha akaketi, akawa mimi, anarusha fimbo. "Subiri kidogo, mjomba. Hawa samaki hawangoji. Wewe huna haraka." Akalala tena. "Haya, mwanangu, lakini chelewa chelewa utakuta maiti si wako."

Watu walicheka. Wanawake ndani nao walicheka, nikasikia. Kilikuwa kicheko cha kunisaidia, naapa, cha kunifungulia mlango nipite. Nilichotakiwa ni kucheka tu na kuingiza mkono mfukoni. Badala yake nikaruka nikamkaba Saburi shingoni, nikamnyang'anya fimbo, nikamwita mtumwa wa mkonge aliyelala chini kama mbwa.

Saburi aliinuka taratibu, akajifuta udongo. Udongo wa kaburi la mjomba wangu, alilolichimba yeye.

"Basi, ndugu," alisema. "Nilidhani unaweza kucheka."

Usiku ule niliingia kwa mama. Alikuwa mkekani na wanawake wenzake, vile vipande viwili vimekunjwa mapajani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamwekea furushi mbele yake. Nikasema, mama, nimechelewa, nisamehe, hii ichukue badala ya yako. Akaifungua kona, akaipapasa bafta kwa vidole, akasema ni nzuri, ahsante, umekula? Nikatoka nikiwa nimepumua. Mjinga mimi, nilidhani nimesamehewa.

Siku ya tatu ilisomwa hitima. Asubuhi nilikuwa nimempelekea Saburi jogoo, kama wazee walivyoniagiza, na alimpokea akaniambia yameisha. Watu walipokwisha kula, mama akatoka nje, jambo ambalo hakulifanya tangu kaka yake afe, amebeba kitu kwa mikono miwili. Ilikuwa bafta niliyoinunua, imekunjwa pamoja na vile vipande viwili vya Makka juu yake. Nilinyanyuka kumpokea, nikidhani ananiita. Alinipita.

"Saburi," alisema.

"Naam, mama."

"Kaiweke hii kwako. Siku yangu ikifika, uilete wewe."

Saburi alifungua mdomo. Nilijua kuna utani unakuja, alikuwa na haki nao, na safari hii ningecheka, naapa ningecheka mpaka nilie. Lakini alinitazama mimi nilivyosimama, kisha akamtazama mama.

"Mama, mwanao yupo," akasema polepole.

"Yupo," mama akajibu. "Lakini ana safari nyingi."

Aliyasema kwa upole kabisa, kama anayeniombea radhi kwa watu. Saburi akafuta mikono kwenye shuka yake, akaipokea.