Je, Ni Wewe, Ibrahimu?

Kompyuta ikaniandikia tena: ombi limekataliwa. Nikasema haya bwana, leo ndiyo leo. Tangu asubuhi nimekaa kwenye ofisi yetu hapa Mitwero, feni imekufa, mgongo unaniuma, narekebisha programu ya mizani ya korosho. Kesho saa mbili wateja wetu wanaanza kupima kule Mingoyo. Programu isipokuwa tayari, mkataba unatuponyoka, na ofisi yenyewe tumebaki wawili, mimi na bosi wangu Josephat.

Kilichokwama ni faili moja tu. Bila hilo programu haisomi mizani. Na si faili la kila mtu. Liko kwenye stoo ya mtandaoni ya kampuni moja ya Dar, na stoo hiyo inamjua mtu mmoja, mwenzetu Ibrahimu. Kila tukitaka kulipakua, simu yake inaulizwa: "Je, ni wewe, Ibrahimu?" Ikibonyezwa ndiyo, faili linashuka.

Ibrahimu tulimzika mwezi wa sita.

Utadhani tulibadilisha jina kwenye akaunti. Thubutu! Josephat alisema tusimsumbue mjane, tungoje atoke eda ndipo tuwaandikie Dar. Nami nikaitikia, heshima mbele. Basi miezi minne na siku kumi simu ya marehemu inalia chumbani kwa mkewe, Naima, ambaye tumezoea kuitana wifi, naye anabonyeza ndiyo. Hatukumwomba. Hata asante hatukumpa.

Leo amebonyeza hapana. Mara tatu, na ya tatu akaunti ikafungwa.

Nilimpigia nimefura, hata salamu sikutoa.

"Wifi, umebonyeza nini? Unatuua!"

"Nimebonyeza hapana, Magdalena."

"Mara tatu?"

"Si wameuliza mara tatu. Leo nimetoka eda. Nimeoga, nimevaa nguo nyingine, nimekaa tu, simu ikalia. Je, ni wewe, Ibrahimu? Miezi yote hii nawajibu ndiyo, ni yeye. Kila ikilia moyo unanirukaruka, halafu nakumbuka. Nimechoka, wifi. Siyo yeye."

Hasira ikaniishia palepale. Nikaona haya, haya kwelikweli.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nilijua unabonyeza wewe. Ila faili likishuka nilikuwa najidanganya kwamba yupo kazini."

"Hata mimi," akasema.

Tukalia, kila mtu na upande wake wa simu, mpaka salio likaisha.

Nikafungua fomu ya kampuni ya Dar. Wameandika majibu hutoka baada ya siku tatu. Basi, mkataba na uende. Wakataka sababu ya kubadilisha mwenye akaunti. Nikaandika: amefariki. Josephat alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasoma, akavuta kiti, akakaa. Katika ofisi ile hakuna aliyewahi kuliandika neno hilo.