Jua la Pareto

"Shosho, rudi ndani. Hilo jua ni la pareto."

Wamuyu hakumsikiliza nyapara. Aliburuta kigoda kutoka banda la kuchambulia, akakiweka katikati ya trei za maua yaliyoanikwa uani, akaketi, akapandisha rinda hadi magotini.

Miaka kumi na minane alikuwa amemchambulia mzungu wa Subukia pareto, maua ya dawa ya wadudu, ndani ya banda lisilo na dirisha, eti upepo usipeperushe maua. Na tangu serikali itangaze Hali ya Hatari kwa sababu ya Mau Mau, laini walimolala vibarua zilifungwa kwa kufuli kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka kipenga cha asubuhi. Jumapili hazikufunguliwa kabisa. Sasa niambie, jua angelionea wapi?

Nyonga zikaanza kuuma, kisha mbavu. Akawa anatembea kama bata. Jana, katika hospitali moja ya Nakuru, dresa Khisa, msaidizi wa daktari, alimbonyeza muundi mpaka Wamuyu akauma kanga, kisha akamuuliza anafanyia kazi wapi. "Mama, mifupa imelainika. Imenyimwa jua. Kunywa maziwa, uote jua kila siku. La sivyo utavunjika ukijigeuza kitandani."

Nyapara Kiprugut alisimama mbele yake, kipenga shingoni. Hakuwa mtu mbaya. Manyapara wote husema hivyo. Akamkumbusha amri ya bwana: anayetoka bandani saa za kazi afungashe, apelekwe Rizavu, maeneo waliyotengewa Waafrika. Huko Rizavu Wamuyu hakuwa na hata kaburi la kuonyesha.

"Kijana wangu, haya maua yakikosa jua yanafanya nini?"

"Yanaoza."

"Mimi nimeoza miaka kumi na minane, na bado unanipigia kipenga."

Bandani mtu alicheka. Kisha Wachuka, aliyemzidi Wamuyu umri, akatoka na kikapu chake kichwani, akalalamika kwamba huko ndani kuna baridi siku hizi, akaketi chini kando yake. Kiprugut aliwatazama wote wawili, akaenda kumwita bwana.

Ilipofika saa nne, saa ya kugeuza maua, vumbi la gari la bwana lilikuwa limeshainuka barabarani, upande ule wa jua. Wachuka akaanza kuinua kikapu chake, akaacha. Wamuyu aliinuka kwa kushikilia trei. Akageuza maua, trei baada ya trei, bila haraka.

Kisha akageuza kigoda, akalipa jua mgongo, na barabara pia.

Honi ikalia langoni. Joto lilikuwa ndio kwanza limefika kwenye mbavu.